Namna ya kukadiria ukubwa wa jiko la kuni la kupashia sebule joto

Ifikapo mwezi Juni, baridi ya Nyanda za Juu Kusini hubadilisha maisha ndani ya nyumba. Njombe, Makete, Mufindi na kandokando ya uwanda wa Kitulo, ambako asubuhi nyingine nyasi huamkia sakitu, watu hufunga madirisha mapema na familia nzima hukusanyika jikoni kwa sababu ndiko kuliko na moto. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa sebuleni au chumbani, na desturi hiyo imekwisha kuua watu, kwa kuwa mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana hufurahi kila ninapoona nyumba mpya iliyojengewa dohani na kuwekewa jiko la chuma lenye mlango unaofungwa, ambalo moshi wake wote hutoka nje kwa bomba. Lakini mwenye nyumba akishafika kwa fundi wa kuchomelea, au kwa muuzaji wa majiko yaliyoagizwa kutoka nje, huulizwa swali ambalo wengi hulijibu haraka mno: la ukubwa gani? Jibu la kawaida ni kuchukua kubwa, maana moto ukizidi utapunguzwa. Jibu hilo si sahihi, na gharama yake hulipwa kila usiku jiko linapowashwa.

Jiko la kuni halipunguzwi kama jiko la gesi. Kipande cha kuni kinapopata joto hutoa kwanza mvuke wa maji, kisha hutoa gesi nyingi zinazoweza kuwaka, na mwisho hubaki mkaa. Zaidi ya nusu ya nishati ya kuni imo katika zile gesi, na ili ziwake vizuri zinahitaji chumba cha moto chenye joto kali na hewa ya kutosha. Mtu anapofunga tundu la hewa ili kutuliza moto, kuni haziachi kutoa gesi, bali gesi hupanda dohani bila kuwaka, zikiwa moshi mzito. Bomba likiwa la vuguvugu, yaani moshi ulio ndani yake ukiwa chini ya takribani nyuzi 120 za Selsiasi, mvuke na lami ya moshi huganda kwenye kuta zake na kuwa kreosoti, ambayo ni masizi meusi yanayonata na kuwaka. Siku mwenye nyumba atakapowasha moto mkubwa, masizi hayo yanaweza kushika moto ndani ya dohani yenyewe, na moto wa namna hiyo hupita nyuzi 1,000, sentimita chache tu kutoka kwenye mbao za kenchi. Dalili ya mwanzo huwa ni kioo cha mlango kuwa cheusi kila asubuhi.

Kwa hiyo mwenye jiko kubwa katika sebule ndogo hubaki na njia mbili tu. Ama ataliwasha inavyotakiwa, jasho limtoke, afungue madirisha na kutupa nje joto alilolinunua, ama atalibana hewa, achafue dohani na kuwafukizia moshi majirani. Jiko dogo linalowaka kwa ndimi zilizochangamka huunguza kuni chache zaidi, hutoa moshi hafifu na huacha dohani safi. Likipungukiwa kidogo katika zile siku chache za baridi kali zaidi, sweta na blanketi vitaziba pengo. Mimi nikilazimika kukosea, nitachagua kukosea upande wa udogo.

Sasa, udogo huo upimwe kwa nini? Wauzaji hutaja mita za mraba, na kipimo hicho peke yake hupotosha. Sebule ni kama mtungi unaovuja: ili maji yabaki kwenye alama fulani, unahitaji kumimina kwa kasi ileile ya kuvuja kwake, na kasi ya kuvuja haitegemei ukubwa wa mtungi tu bali pia matundu yake. Joto huvuja kupitia kuta za nje, madirisha, dari, sakafu na hewa inayopita kwenye nyufa, na nguvu ya jiko inayohitajika, inayohesabiwa kwa kilowati, ni jumla ya mivujo hiyo wakati wa baridi unayotaka kuishinda.

Tuchukue sebule halisi ya nyumba ya Njombe: urefu mita 5, upana mita 4, kimo hadi dari mita 2.7, kuta za matofali ya kuchoma, bati juu, na dari ya ubao mwembamba isiyo na kitu chochote juu yake. Kuta mbili zinatazama nje na zina madirisha yenye jumla ya mita 4 za mraba. Tuseme nje ni nyuzi 6, na ndani tunataka nyuzi 20, hivyo tofauti ni nyuzi 14. Ukuta wa tofali moja la kuchoma hupitisha takribani wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kuta za nje, ukiondoa madirisha, ni kama mita za mraba 20, kwa hiyo zinapoteza wati 560. Kioo kimoja hupitisha kati ya wati 5 na 6, hivyo madirisha yanapoteza kama wati 300. Dari ya ubao mwembamba chini ya bati huweza kupitisha wati 2.5, na kwa mita za mraba 20 hiyo ni wati 700. Hewa ya chumba, ambayo ni mita za ujazo 54, ikibadilika mara mbili kwa saa kupitia nyufa za milango na madirisha, huchukua kama wati 400. Ongeza wati 150 za sakafu na wati 300 zinazopenya kuta za ndani kuelekea vyumba ambavyo havijapashwa joto. Jumla inakaribia wati 2,400, yaani kilowati 2.4.

Wengi niliowaonyesha hesabu ya namna hii hushangaa kwamba chumba kilichojengwa bila kuzingatia baridi hata kidogo kinahitaji chini ya kilowati 3. Ni kweli kwamba kiasi hicho ni cha kudumisha joto, si cha kulianzisha. Kuta za matofali zilizokaa na baridi mchana kutwa hunyonya joto kwa saa nyingi kabla chumba hakijatulia, na familia nyingi huwasha jiko saa kumi na mbili jioni zikitaka kuota moto kabla ya chakula. Kwa sababu hiyo ni busara kuongeza robo hadi theluthi moja, na tunafika kwenye kilowati 3 na kidogo. Majiko mengi madogo yanayotoka Ulaya huwa ya kilowati 4 au 5. Yaani lile dogo kuliko yote katika duka, ambalo mteja hulipita bila hata kulitazama, ndilo linaloitosha sebule hii na kubakiza.

Tazama tena ile dari. Zaidi ya robo ya joto lote inapotea kupitia ubao mwembamba na bati. Ukitandaza juu ya dari sufi ya kioo, yaani nyuzinyuzi laini za kioo za kuzuia joto, yenye unene wa sentimita 10, zile wati 700 zitashuka hadi kama 100, na sebule nzima itahitaji kilowati 1.8 tu. Hakuna jiko, liwe la bei gani, litakalokupa faida ya namna hiyo kila mwaka bila kuongezewa kuni. Kuziba nyufa za chini ya milango na kuning'iniza mapazia mazito hufuata kwa umuhimu. Ushauri wangu kwa mtu mwenye fedha ya jambo moja tu mwaka huu ni kuanza na dari, kisha kununua jiko mwaka unaofuata, kwa sababu akianza na jiko atalinunua kwa kipimo cha nyumba inayovuja, na siku atakapoziba mivujo litakuwa kubwa kupita kiasi.

Waingereza wana njia ya mkato: huchukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na kugawanya kwa 14, na kinachopatikana ni kilowati. Kwa sebule yetu, 54 ukigawanya kwa 14 ni karibu 3.9. Njia hiyo ilitungwa kwa nchi ambayo nje hushuka hadi sifuri na chini yake, lakini kuta na dari za nyumba za huko kwa kawaida huzuia joto vizuri kuliko zetu, kwa hiyo makosa mawili hupunguzana. Kwa Njombe, Limuru, Lushoto au Kabale ichukuliwe kuwa kikomo cha juu. Ikikupa 4, usinunue 8.

Ugumu mkubwa zaidi huja pale mtu anaposema hataki kupasha sebule peke yake, bali sebule, sehemu ya kulia chakula na, ikiwezekana, vyumba vya kulala mwisho wa korido. Hapo lazima tujiulize hewa ya moto inakwendaje. Jiko hutoa joto kwa njia mbili. Sehemu moja ni mnururisho, ule unaousikia usoni ukikaa mbele ya moto, nao husafiri kwa mstari ulionyooka, haupiti kona. Sehemu nyingine ni hewa iliyopashwa, ambayo hupanda hadi darini, ikatambaa hadi kwenye mlango, ikapita sehemu ya juu ya uwazi wake huku hewa baridi ikirudi kwa chini. Ikiwa juu ya mlango upo ukuta wa nusu mita hadi darini, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, hewa ya moto hunaswa hapo juu na ni sehemu yake tu inayovuka. Chumba kilichounganishwa na sebule kwa uwazi mpana kinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya sebule. Chumba cha jirani chenye mlango unaoachwa wazi kitapata vuguvugu, labda nyuzi 3 au 4 chini ya sebule. Chumba cha mwisho wa korido hakitapata kitu cha maana, na kikifungwa mlango hakitapata kabisa.

Hapa ndipo watu wengi hununua jiko la kilowati 10, wakiamini kwamba nguvu ya ziada itasukuma joto hadi mbali. Haitasukuma. Sebule itafika nyuzi 30 na zaidi, waliomo watahamia barazani, na chumba cha mwisho kitabaki na baridi yake kwa sababu kinachozuia ni njia ya hewa, si uhaba wa moto. Kama ni lazima kukifikishia joto, weka feni ndogo sakafuni kwenye korido ikipuliza hewa baridi kuelekea kwenye jiko, na hewa ya moto itatiririka kwa juu kuziba nafasi iliyoachwa. Kuna wanaofanya kinyume kwa kupuliza hewa ya moto kutoka sebuleni, na kwa kawaida matokeo huwa hafifu, maana hewa baridi ni nzito zaidi na ndiyo rahisi kusukumwa pale chini. Hesabu ya ukubwa wa jiko basi ijumuishe sebule na vile vyumba ambavyo uko tayari kuviacha wazi kabisa, na viishie hapo.

Kibao cha jiko nacho kinahitaji msomaji makini. Majiko ya Ulaya huandikwa nguvu ya kawaida, iliyopimwa maabara kwa kuongeza kuni kila baada ya muda maalumu, ambao unaweza kuwa mfupi kama dakika 45. Jiko la kilowati 5 si kwamba haliwezi kutoa 7 likijazwa, wala kwamba litatoa 5 usiku kucha bila kuongezwa kuni. Majiko ya Marekani huandikwa kwa BTU kwa saa, BTU ikiwa ni kipimo cha joto kinachotumika huko, na wauzaji wao mara nyingi hutangaza kilele cha juu kabisa, si kiasi cha kawaida. Gawanya namba hiyo kwa 3,412 upate kilowati, kisha kumbuka kwamba hicho ni kilele. Nawasihi pia wasomaji wanaopokea ushauri wa jamaa zao wanaoishi Maine, ambako miji ya Portland na Lewiston ina Wakongo na wasemaji wengine wengi wa Kiswahili, wauchuje vizuri. Ushauri huo ni sahihi kwa Maine. Usiku wa Januari huko unaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, hivyo tofauti kati ya ndani na nje ni nyuzi 35, mara mbili na nusu ya ile tuliyohesabu Njombe, na mtu wa huko anataka chumba cha moto kikubwa kitakachobeba kuni za saa nane ili asiamke kwenye mabomba ya maji yaliyoganda. Sisi tunawasha jioni kwa muda wa saa nne au tano tu, kisha tunalala chini ya mablanketi.

Jiko lililotengenezwa na fundi wa mtaani halina kibao chochote, na kwa hilo inafaa kuhesabu kwa kuni. Kilo moja ya kuni kavu ina takribani kilowati-saa 4. Jiko zuri lililofungwa huingiza chumbani kama robo tatu ya nishati hiyo, yaani 3. Jiko rahisi la bati nene huingiza labda nusu, yaani 2. Meko ya wazi ya ukutani huingiza kati ya asilimia 10 na 20 tu, kwa kuwa mvuto wake huondoa mita za ujazo mia kadhaa za hewa ya chumba kila saa. Kudumisha kilowati 3 kwa saa nne ni kilowati-saa 12. Jiko zuri litatumia kilo 4 za kuni, jiko rahisi kilo 6, na meko ya wazi kama kilo 20. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa usiku mia moja wa kipupwe, ni miti iliyosimama au iliyokatwa.

Kutokana na hesabu hiyo fundi anaweza kupewa maelekezo yanayoeleweka. Tunahitaji kilo moja hadi moja na nusu ya kuni kwa saa, iingizwe kwa vipande viwili au vitatu kila baada ya saa moja hivi. Chumba cha moto chenye ujazo wa lita 20 hadi 25, kwa mfano sentimita 35 kwa 25 kwa 27, kinabeba kiasi hicho bila kubanana. Kikitandikwa matofali yanayohimili moto ndani yake, kitashika joto kali ambalo zile gesi zinahitaji ili ziwake. Ukiona fundi anakata pipa la lita 200, mweleze kwa upole kwamba hilo ni la ukumbi. Kwa kuwa jiko lake halijapimwa popote, liwekwe mbali na kitu chochote cha mbao, kiasi cha sentimita 90, na bomba linapopenya darini lizungushiwe uwazi na karatasi ya chuma, si saruji iliyobanwa kwenye ubao.

Kuhusu aina ya kuni, ubishi wa misindano, mikaratusi na miwati huchukua muda mwingi kuliko unavyostahili. Kilo kwa kilo, zote hutoa joto linalokaribiana. Tofauti ni kwamba kuni nzito hubeba kilo nyingi katika nafasi ndogo na hukaa muda mrefu. Kinachoharibu hesabu zote hapo juu ni maji. Kuni mbichi huweza kuwa nusu maji kwa uzito, na jiko la kilowati 5 likilishwa kuni hizo linaweza kushindwa kutoa hata 2, huku likijaza dohani masizi. Zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo chini ya bati pembeni zikipitwa na upepo, na zisubiri angalau kiangazi kizima. Watu wengi wanaolalamika kwamba jiko lao ni dogo, kwa maoni yangu, wana jiko la kutosha na kuni mbichi.

Dohani nayo ni sehemu ya ukubwa. Mvuto wake hutokana na tofauti ya uzito kati ya hewa moto iliyo ndani na hewa baridi iliyo nje, na Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito wa takribani nne ya tano ya ile ya Dar es Salaam. Mvuto hupungua kwa kiasi kilekile. Waingereza hutaka kwa kawaida kimo cha mita 4.5 kutoka juu ya jiko. Huku kwetu ni vema kuvuka hapo, na bomba lipite ndani ya nyumba kadiri iwezekanavyo ili lisipoe. Jiko nalo linahitaji hewa ya kuingia. Kanuni za Uingereza hudai tundu la kudumu la hewa kwa majiko yanayozidi kilowati 5 katika nyumba kuukuu, na kwa majiko yote katika nyumba zilizozibwa vizuri. Ukishaziba nyufa za sebule yako, weka tundu dogo karibu na jiko, kwa kuwa chumba kisichopokea hewa kitairudisha ile kaboni monoksidi ndani.

Asiyependa hesabu za kuta na vioo anaweza kuipima sebule yenyewe. Azima hita ya umeme ya kilowati 2 na vipimajoto viwili vya bei ndogo. Usiku wa baridi, chomeka hita moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuunganisha, funga milango kama utakavyoifunga wakati wa kutumia jiko, kisha iache iwake mfululizo mtu akiwa macho karibu nayo. Usome vipimajoto baada ya saa nne au tano, si baada ya saa moja, kwa kuwa kuta bado zitakuwa zinanyonya. Tuseme ndani umepata nyuzi 17 na nje ni 7. Wati 2,000 zimedumisha tofauti ya nyuzi 10, hivyo kila nyuzi inagharimu wati 200. Ukitaka tofauti ya nyuzi 14, sebule yako inahitaji kilowati 2.8; na kwa kuwa kuta bado zinaendelea kupata joto wakati huo, hitaji halisi la kudumisha litakuwa chini kidogo ya hapo. Namba hiyo, iliyotoka katika kuta zako mwenyewe, ndiyo ya kumpelekea fundi.